Kabla ya Kuomba Tena Udaktari wa Meno

Kila mwaka, Agosti inapokaribia kwisha, swali lile lile hurudi. Mara linaulizwa na mama anayemhangaikia mwanawe, mara na kijana aliyetoka kambi ya JKT akakuta dirisha la udahili limefungwa, mara na tabibu wa meno wa kituo cha afya aliyechoka kubaki hapo alipo: "Nimeomba udaktari wa meno, nimekosa. Mwaka jana nilikosa pia. Niombe tena au niachane nao?"

Jibu linategemea alikosa kwa sababu gani, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa wanachojua ni kwamba jina halikuwemo kwenye orodha, basi. Mwombaji anayerudisha maombi yale yale, yenye alama zile zile, anategemea kwamba washindani wa mwaka huu watakuwa dhaifu kuliko wa mwaka jana. Linaweza kutokea. Ila hiyo ni bahati nasibu, na bahati nasibu haihitaji makala.

Makala haya yanamlenga zaidi mwombaji wa Tanzania anayeitaka ile shahada ya miaka 5 iitwayo DDS, ambayo hufuatwa na mwaka 1 wa utarajali.

Ajue kwanza kilichomkwamisha

Waliokosa wako wa aina tatu, na dawa zao hazifanani:

- Asiye na sifa. Hata nafasi zingekuwa elfu moja, asingechukuliwa.
- Mwenye sifa aliyezidiwa alama na wenzake.
- Mwenye sifa na alama nzuri, lakini maombi yake yalikuwa na kasoro, yalichelewa, au hakuthibitisha nafasi.

Wa kwanza hana faida ya kuomba tena kabla hajapata kinachokosekana. Wa pili anahitaji alama mpya au njia nyingine. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye anayelia zaidi kuliko wote, huenda anachohitaji ni umakini wa siku mbili tu.

Kujitambua, mwombaji aingie kwenye akaunti yake ya maombi asome hali iliyoandikwa humo, kisha afungue kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Vitabu ni viwili: kimoja cha waliomaliza kidato cha sita, kingine cha wenye stashahada. Tume huvitoa kila mwaka, na sifa za kozi zinaweza kubadilika, kwa hiyo nakala ya kaka aliyeingia chuo miaka minne iliyopita ibaki kuwa kumbukumbu ya familia.

Pointi za NECTA si pointi za TCU

Hapa pamewaponza wengi. Baraza la Mitihani huhesabu pointi kwa kushuka: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5. Mwenye pointi chache ndiye bora. Katika udahili hesabu hupanda: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hapo mwenye pointi nyingi ndiye bora.

Sasa mtu akisikia kwamba kiwango cha chini cha kozi ni pointi 6, naye ana "Division One ya sita", hudhani ameponea chupuchupu. Kumbe mwenye B tatu, ambaye kwa NECTA ana pointi 6, kwa TCU ana 12. Upande wa pili yuko mwenye D tatu: kwa NECTA ni Division Two ya 12, kwa TCU ni 6. Huyu ndiye aliyegusa mstari wa chini, naye husikia "12" akadhani yuko juu.

Njia ya mkato ipo. Kwa masomo matatu yenye alama kati ya A na E, mwombaji achukue 18 atoe pointi zake za NECTA. Mwenye 9 atapata 9, mwenye 7 atapata 11. Kanuni hii haifanyi kazi kwa aliyepata S katika mojawapo ya masomo, kwa sababu S huhesabiwa nusu pointi tu, na tena haimo katika ufaulu kamili unaotakiwa na kozi hii.

Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 wana hesabu yao. Miaka ile kulikuwa na B+, na C ilihesabiwa 2 badala ya 3. Wapo kati yao ambao leo wameajiriwa na wanataka kurudi shule. Wasijipime kwa jedwali la wadogo zao.

Sifa ni tiketi ya kusimama kwenye foleni

Mwenye C tatu ana pointi 9, tatu zaidi ya kiwango cha chini. Anakosa, anaona ameonewa. Hajaonewa. Kiwango cha chini humruhusu kupanga foleni, basi. Huko mbele wako wenye A na B, na nafasi hugawiwa kuanzia mbele.

Katika kitabu cha mwongozo, kila kozi ina safu inayoonyesha idadi ya nafasi. Wengi huiruka. Aliyekosa aanze na safu hiyo, alinganishe nafasi za udaktari wa meno na zile za udaktari wa binadamu katika chuo hicho hicho. Tofauti itamweleza mengi.

Uchache huo una sababu inayoeleweka. Kwenye ukumbi wa mihadhara wanaweza kubanwa wanafunzi hamsini zaidi, wengine wakae ngazini. Kiti cha meno hakibanwi. Mwanafunzi wa miaka ya juu lazima awe na kiti, taa, mgonjwa aliyekubali kufungua kinywa, na mwalimu anayechungulia juu ya bega lake wakati anaziba au anang'oa. Chuo kikiongeza wanafunzi bila kuongeza viti, watakaoumia ni wagonjwa. Mafunzo ya shahada ya meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na kwa miongo mingi ndiko walikokimbilia waombaji wa nchi nzima. Orodha ya vyuo vinavyotoa shahada hii hubadilika, kwa hiyo mwombaji asiishie kwenye jina alilozoea kulisikia nyumbani. Apekue kitabu chote.

Waliosoma CBG

Hawa ndio wanaouliza zaidi, na jibu lao huwa chungu. Kozi hii hudai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Mwenye Kemia, Biolojia na Jiografia, hata akiwa na A tatu, hana Fizikia ya kidato cha sita. Akiomba mara nne atakosa mara nne. Anaweza kufanya mtihani wa Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea endapo ana msingi wa somo hilo kidato cha nne, au apite njia ya stashahada. Kuomba huruma kwa barua ndefu ofisi ya udahili hakujawahi kugeuza Jiografia kuwa Fizikia.

Maombi yaliyojazwa steshenari

Picha yenyewe ni hii. Steshenari karibu na stendi, saa nne asubuhi, foleni ya vijana sita, feni inazunguka bila kuleta upepo. Kijana wa kompyuta anauliza jina, namba ya mtihani, chaguo la kwanza mpaka la mwisho, vidole vinakimbia. Barua pepe? Mwombaji hana, au amesahau nywila. "Usijali, naweka yangu." Simu? Ya mwombaji imezima chaji, inaandikwa ya steshenari. Wiki kadhaa baadaye ujumbe wa chuo unafika salama salimini kwa mtu mwenye ujumbe kama huo arobaini, asiyejua upi ni wa nani.

Makosa yanayojirudia katika maombi ya aina hii:

- Namba ya simu au barua pepe ya mtu mwingine.
- Namba ya mtihani kukosewa tarakimu moja, au kuandikwa S mahali pa P kwa aliyefanya mtihani wa kujitegemea.
- Majina ya cheti cha kuzaliwa kutofautiana na ya cheti cha mtihani. Hassani na Hassan kwa mfumo ni watu wawili.
- Udaktari wa meno kuwekwa chaguo la nne, chini ya kozi tatu nyingine zenye ushindani mkali.
- Ada ya maombi kulipwa, lakini fomu haikuwasilishwa. Kulipia na kuwasilisha ni hatua mbili.
- Kusubiri awamu ya pili kwa makusudi, eti foleni ipungue. Kozi yenye nafasi chache inaweza kujaa awamu ya kwanza, na awamu zinazofuata hugawa kilichobaki.

Steshenari si adui. Mwombaji anaweza kwenda huko, mradi awe na barua pepe yake na laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na asitoke kabla hajasoma kila mstari kwenye kioo na kuchapisha nakala yenye hali ya "imewasilishwa".

Kuna kundi jingine hapa, la walioko kambini. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria huwachukua wahitimu wa kidato cha sita katika miezi ambayo matokeo hutoka na dirisha hufunguliwa. Anayejua ataitwa aache nyumbani, kwa mtu anayemwamini, nakala za vyeti, nywila ya barua pepe, laini ya simu yenye chaji, na karatasi iliyoandikwa machaguo yake kwa mpangilio. Hilo la karatasi ni muhimu. Mjomba mwenye nia njema, akiachiwa kuchagua, huchagua kile ambacho yeye angependa kusoma.

Kurisiti

Kwa aliyezidiwa alama, njia ya moja kwa moja ni kurudia mtihani. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, hata hivyo, hufungwa miezi mingi kabla, na anayeanza kuulizia Januari ameshachelewa.

Kwanza apige hesabu ya wapi pointi zitatoka. Chukulia msichana mwenye Biolojia B, Kemia C na Fizikia D. Ana 4, 3 na 2, jumla 9. Akipandisha Kemia mpaka B na Fizikia mpaka C, anafika 11. Akipandisha Fizikia peke yake mpaka B, anafika 11 vile vile. Somo moja kwa hatua mbili, au masomo mawili kwa hatua moja moja: uamuzi unategemea alichoshindwa. Aliyepata D ya Fizikia kwa sababu shule ilikaa bila mwalimu wa somo mwaka mzima ana nafasi kubwa ya kupanda akipata mwalimu. Aliyefundishwa vizuri, akasoma kwa bidii, akapata D, ajiulize kwa unyoofu kama mwaka mmoja utageuza hali hiyo.

Kabla ya kulipia usajili, aulize ofisi ya udahili ya chuo anachokitaka, kwa maandishi, jinsi wanavyoyachukulia matokeo ya mitihani miwili tofauti. Jibu la mtu wa kijiweni halitoshi.

Kisha kuna tahadhari mbili ambazo wanaorisiti huzigundua wakiwa tayari ndani.

Ya kwanza ni alama za maendeleo. Mwanafunzi wa shule huingia kwenye mtihani akiwa na alama alizokusanya darasani. Mtahiniwa wa kujitegemea hana akiba hiyo. Kila alama yake inatoka kwenye chumba cha mtihani. Kwa hiyo kusoma kiasi kile kile cha mwaka uliopita kunaweza kumpa alama ya chini zaidi.

Ya pili ni vitendo. Kijana anajifungia chumbani miezi minane na madaftari, anamaliza Kemia yote, anazijua fomula hata usingizini. Mei inafika, anasimama mbele ya bureti ambayo hajaishika tangu mwaka juzi. Mkono unatetemeka, tone moja linazidi, rangi inaruka, anaanza upya huku dakika zinakwenda. Au anapewa chura wa kupasua, naye amesahau aanzie wapi na mkasi. Masomo yote matatu yana karatasi ya vitendo, na karatasi hiyo haisomwi kitandani. Achague kituo chenye maabara inayofanya kazi, aende kuiona kwa macho, aulize ni siku ngapi kwa wiki watahiniwa wa kujitegemea huruhusiwa kuitumia. Kituo kinachojibu "tutaangalia" kimeshajibu.

Mwaka wa kurisiti, kwa mwenye nia, unaweza kwenda hivi:

- Agosti: kupata matokeo ya maombi, kupiga hesabu ya pointi, kuandikia ofisi ya udahili.
- Agosti hadi Septemba: kutafuta kituo na kujisajili, bila kungoja muda wa faini.
- Oktoba hadi Desemba: somo dhaifu kwanza, kila siku, na vitendo angalau mara moja kwa wiki.
- Januari hadi Machi: mitihani iliyopita, kwa saa ya ukutani, isahihishwe na mwalimu.
- Aprili: vitendo zaidi. Kupumzika kidogo.
- Juni: kukagua majina kwenye vyeti, barua pepe na laini ya simu, na kupeleka cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA kwa ajili ya maombi ya mkopo.
- Julai: kuomba siku za mwanzo za dirisha, si siku ya mwisho mtandao unapokwama.

Njia ya stashahada

Si kila mtu anaweza kurudia kidato cha sita, na si kila mtu anapaswa. Stashahada ya tabibu wa meno huchukua miaka 3, na husimamiwa chini ya NACTVET. Anayeimaliza ana kazi mkononi: anang'oa, anaziba, anaelimisha shule na kliniki za wilaya. Baadaye anaweza kuomba shahada kwa sifa linganishi.

Wengi wanajua kwamba njia hii ipo. Wasichojua ni kwamba mlango wake una komeo la kidato cha nne. Mbali na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, kitabu cha TCU kimekuwa kikidai angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Tabibu mwenye GPA ya kujivunia na F ya Hisabati ya miaka tisa iliyopita huomba, hukosa, hulaumu upendeleo. Dawa yake ni ya bei nafuu kuliko anavyodhani: mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, naye anaweza kurudia somo hilo moja akiwa kazini. Atakaa chumba kimoja na watoto wa umri wa mdogo wake wa mwisho. Atavumilia.

Kasoro ya njia hii ni muda. Kijana wa miaka 20 anayerisiti na kufanikiwa huanza shahada akiwa na 21, humaliza utarajali akiwa na 27. Wa stashahada huimaliza na 23. Akiingia shahada mara moja humaliza yote akiwa na 29, na wengi hufanya kazi kwanza, kwa hiyo miaka huongezeka. Tofauti ni kwamba huyu wa pili amekuwa na taaluma inayomlisha muda wote huo, na siku atakapoketi na mgonjwa mwaka wa tatu wa shahada hatashtuka kuona damu.

Kwenda nje

Mawakala wa vyuo vya nje huijua orodha ya waliokosa kabla hata hawajafuta machozi. Baadhi ni waaminifu. Kabla ya mzazi kuuza kiwanja, aulize:

- TCU inakitambua chuo hicho na shahada hiyo? Mwanafunzi anayekwenda kusoma nje hupata kwanza barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi. Wakala anayesema barua hiyo haina maana aachwe hapo hapo.
- Baraza la Madaktari Tanganyika linadai nini kwa anayerudi na shahada ya meno kutoka nchi hiyo? Bila kusajiliwa na baraza, shahada haimruhusu kumgusa mgonjwa.
- Wagonjwa wa huko wanaongea lugha gani? Mihadhara inaweza kuwa ya Kiingereza, lakini bibi mwenye jipu la jino katika mji wa China ataeleza maumivu yake kwa Kichina.
- Ada ni ya mwaka wa kwanza tu, au ya miaka yote imeandikwa? Na ikiandikwa kwa dola, shilingi ikishuka atafidia nani?

Jirani pia kuna vyuo: Nairobi na Makerere vimefundisha madaktari wa meno kwa muda mrefu. Hesabu zao ni tofauti. Uganda, alama za masomo ya kidato cha sita huzidishwa kwa uzito kulingana na kozi, masomo ya lazima yakipewa uzito wa 3, kwa hiyo Biolojia na Kemia nzuri hulipa zaidi huko. Kenya, waliomaliza sekondari hupangwa kupitia KUCCPS kwa alama za makundi ya masomo. Mtanzania anayeomba huko huwa mwanafunzi wa kigeni na hutumia taratibu zao za kundi hilo, zenye ada zake.

Ushauri wa Kimarekani

Mtu akitafuta mtandaoni namna ya kuomba tena chuo cha meno, mengi atakayokuta yameandikwa kwa ajili ya Wamarekani: aandike upya insha yake, atafute barua mpya za mapendekezo, aongeze saa za kumfuata daktari kliniki, arudie mtihani wa DAT. Ni ushauri mzuri kwa Marekani. Kule udaktari wa meno husomwa miaka 4 baada ya shahada ya kwanza, vyuo huhoji waombaji ana kwa ana, na insha ya herufi 4,500 inaweza kumwokoa mtu. Mtihani huo wa DAT hurudiwa baada ya muda maalumu, na tangu 2025 alama zake hutolewa kwa kipimo cha 200 hadi 600 badala ya kile cha zamani cha 1 hadi 30.

Mtanzania wa kidato cha sita haombwi insha. Haitwi kuhojiwa. Kinachosema kwa niaba yake ni namba, machaguo na tarehe. Anayetumia miezi mitatu kung'arisha maelezo ya "kwa nini napenda meno" anafua nguo ambayo hakuna atakayeivaa.

Jambo moja la Wamarekani, hata hivyo, linafaa kuigwa: kwenda kukaa kliniki. Mwombaji aombe ruhusa hospitali ya wilaya, akae pembeni kutwa nzima kwenye chumba cha meno. Aone mgongo wa daktari ulivyopinda saa nane mchana, asikie harufu, amwone mtoto aliyeng'ata kidole cha nesi. Wapo wanaotoka pale wakiwa na hamu maradufu. Wapo wanaogundua kwamba walichokuwa wanataka ni koti jeupe tu, na koti jeupe lipo kwenye kozi nyingi.

Aliyekwisha kuingia kozi nyingine

Huyu alikosa meno, akapangiwa kozi nyingine, akaenda. Sasa yuko mwaka wa kwanza na moyo uko kwingine. Anaweza kuomba tena, lakini asifanye kimya kimya. Majina ya waliodahiliwa huhakikiwa TCU, na mtu aliyesajiliwa chuo kimoja akijitokeza kwenye orodha ya kingine, mfumo humwona. Ajiondoe rasmi kwa barua, apate jibu la maandishi, alitunze. Na kama alikuwa na mkopo, deni la muda aliosoma halifutiki kwa kuhama. Aulize Bodi ya Mikopo mapema athari za uamuzi huo kwa mkopo wa kozi mpya. Kwa aliyefika mwaka wa tatu wa kozi inayoeleweka, hesabu mara nyingi humwambia amalize.

Wanaoahidi kuingiza jina

Kila msimu hujitokeza mtu anayemjua mtu. Anataka nusu ya fedha sasa, nusu jina likitoka. Mbinu yake ni rahisi: anachukua fedha za vijana ishirini, wachache kati yao wanachaguliwa kwa alama zao wenyewe, anadai amewasaidia, anakusanya nusu ya pili. Waliokosa huambiwa mambo yaligoma. Vyuo huchota matokeo moja kwa moja kutoka NECTA, na orodha hupita TCU. Cheti cha kughushi hakifiki mbali, na aliyekipeleka hujikuta na kesi.

Jina likitoka

Mwaka huu limo. Mwombaji aliyeomba vyuo vitatu anaweza kuchaguliwa zaidi ya kimoja, na hapo lazima athibitishe kimoja tu kabla ya siku iliyowekwa, kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Asiyethibitisha anaweza kuipoteza nafasi aliyoihangaikia miaka miwili, nayo ikaenda kwa wa awamu ya pili. Namba hiyo huenda kwenye laini ile iliyoandikwa kwenye fomu Julai. Kama imepotea, mwombaji aanzie duka la kampuni ya simu, na kitambulisho chake cha NIDA mkononi, airudishe laini kwanza, ndipo apande basi la kwenda chuoni.